Miguu ya Fundi Bomba

Wateja walimwita Unyoya. Jina alipewa na mama mmoja mwenye maneno mengi, ambaye baada ya kukandwa mara ya kwanza aliinuka kitandani akauliza, "Ndiyo umemaliza, au ulikuwa unanipangusa vumbi kabla hujaanza?" Chumba kizima kilicheka, na yeye mwenyewe akacheka, kwani alishazoea. Watu wakisikia kukandwa hutaka kuumizwa. Hutaka mafuta ya moto, viganja vizito na kiwiko mgongoni, walie kidogo, ndipo waseme dawa imeingia. Wakimpata mtu anayesogeza ngozi polepole, kama anayembembeleza mtoto asiamke, huona wamepunjwa.

Siku za kazi alikuwa hospitalini, kitengo cha tiba ya viungo. Jumamosi alipokea watu sebuleni kwa wazazi wake, alikorudi kuishi tangu ndoa yake ilipovunjika, na hao hakuwakanda bali aliwafundisha. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Aliyevimba hukandwa kila siku, pengine maisha yake yote, na mtaalamu hawezi kuhamia kwake. Lazima awepo mtu wa nyumbani mwenye mikono na subira. Mikono watu wanayo. Subira ndiyo huadimika.

Jumamosi ambayo mambo yalianza kuharibika, ingawa hakuna aliyejua, walikuja mshonaji na mumewe. Mshonaji alikuwa ametolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Saratani ilikwenda zake, ikamwachia mkono uliovimba mpaka pete ikabidi ikatwe, na mkasi ukawa hauingii tena vidoleni. Mshonaji asiyeshika mkasi ni nani? Alikuwa ameshalia juu ya jambo hilo mpaka akachoka, sasa alitazama tu. Mumewe alikuwa fundi wa magari, mtu mwema mwenye vidole kama spana.

"Kabla sijakugusa nina maswali," Unyoya alimwambia. "Una homa? Ngozi ya mkono imekuwa nyekundu, au ya moto?"

"Hapana."

"Uliwahi kuvimba ghafla upande mmoja, kukauma, ukaambiwa damu imeganda?"

"Hapana."

"Figo ziko sawa? Moyo je, haukusumbui?"

"Dada, haya maswali ya polisi," fundi wa magari akasema.

"Ni ya mlangoni," akadakia mama yake Unyoya kutoka kwenye kona yake, ungo wa mchele mapajani. "Asipoyauliza hamgusi mtu. Mimi nimeshayakariri. Homa, wekundu, damu kuganda, figo, moyo. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, unarudi kwanza kwa daktari."

Mama huyu alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye shamba la kuku, kwenye meza ya kupanga mayai. Mtaa mzima ulimwita Mama Mayai, na hakuna aliyemkumbuka akivunja hata moja, ingawa yeye mwenyewe alikiri mawili, na la tatu alisema lilikuwa bovu tangu mwanzo.

Unyoya akamweleza mshonaji, kama alivyowaeleza wote. Mwilini damu inazunguka, lakini kuna maji yanayovuja kutoka kwenye damu na kubaki kwenye nyama. Maji hayo, yanayoitwa limfu, yana njia zake, nyembamba kuliko uzi, na nyingi ziko chini kidogo tu ya ngozi. Hupita kwenye tezi, za shingoni, za kwapani, za kinenani, yakachujwa, kisha yakarudi kwenye damu karibu na moyo. "Sasa wewe, tezi za kwapani zimeondolewa. Maji yanafika pale hayaoni njia, yanarudi mkononi. Sisi hatuyafukuzi. Tunayaonyesha njia nyingine, yapite kifuani yaende kwapa la kushoto."

Fundi wa magari akapewa zamu. Akaushika mkono wa mkewe, akaukamua kama anayekamua nguo.

"Umeziziba zote," Unyoya akasema. "Njia hizo ni laini, ukikandamiza zinalala. Vuta ngozi tu, halafu achia. Ngozi, siyo nyama. Na usianzie mkononi. Anzia shingoni."

"Shingo haina tatizo. Mkono ndio umevimba."

"Kijana," ikasema sauti kutoka kwenye kiti kikubwa karibu na dirisha. Alikuwa baba yake Unyoya, fundi bomba mstaafu, aliyezibua mifereji ya nusu ya mji ule, miguu yake miwili imewekwa juu ya kigoda. "Mfereji ukiziba huanzi kusukuma nyuma. Unafungua mbele kwanza, maji yapate pa kwenda. Ukisukuma nyuma tu, unamfurikia jirani."

Fundi wa magari alielewa hilo mara moja, kichwa kikaelewa, vidole vikakataa. Akajaribu mpaka jasho likamtoka. Ndipo Unyoya akasema neno ambalo baadaye alitamani ulimi wake ungekatika kabla ya kulisema. "Mama, hebu njoo umwonyeshe."

Mama Mayai akafuta mikono, akaja. Akaweka vidole shingoni mwa mshonaji, juu ya mfupa wa bega, akavuta ngozi, akaachia. Akasubiri. Akavuta, akaachia. Hakuwa na haraka na hakuwa na uzito. Mshonaji alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ukalegea.

"Mama, wewe ndiye Unyoya," binti akasema. "Mimi nimeiba jina."

Mama Mayai alirudi kwenye mchele wake akiwa amenyoosha mgongo. Miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amemsifia mikono.

Miguu ile iliyowekwa juu ya kigoda ndiyo iliyokuwa ikimnyima Unyoya usingizi. Ilianza kwa soksi kuacha alama. Kisha viatu vikakataa. Mwishowe ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, na Fundi Bomba akawa anawabonyezea wageni, akisema, "Tazama, naweza kuandika jina langu." Unyoya hakucheka. Miguu yote miwili, kwa pamoja, na pumzi inayokatika akipanda ngazi. Akampeleka kwa daktari, miezi kadhaa kabla ya mshonaji kuja.

"Moyo umechoka," daktari alisema. "Unasukuma, lakini si kama inavyotakiwa. Maji yanabaki nyuma, yanateremka miguuni."

"Mabomba mazima, pampu mbovu," Fundi Bomba akasema.

"Hasa, mzee. Nakupa vidonge vya kutoa maji kwa njia ya mkojo, na vingine vya kuusaidia moyo. Chumvi punguza sana. Na miguu isikandwe." Daktari akamgeukia Unyoya. "Hilo unalijua."

Alilijua. Hata hivyo baba aliuliza kwa nini, na yeye akamweleza palepale. "Baba, nikiyapandisha maji hayo, yanakwenda wapi? Yanarudi kwenye damu, na damu inarudi kwenye moyo uleule ulioshindwa kuyasukuma. Yatajaa mapafuni."

"Pampu imezidiwa, nawe unaiongezea," baba akasema polepole. "Nimeelewa."

Walipotoka, alimshika binti yake mkono pale kwenye korido, katikati ya watu waliosubiri kuitwa.

"Mama yako asijue."

"Baba, haiwezekani."

"Inawezekana. Wewe unamjua. Dada yake alishikwa na moyo akiwa kazini, asubuhi wameagana, mchana akaitwa akatambue maiti. Tangu siku hiyo akisikia neno moyo hali, halali. Anakaa kunisikiliza ninavyopumua. Hebu muache. Mwambie maji ya uzee."

"Na akiniuliza mimi?"

"Mimi ni baba yako," alisema.

Kuna adabu inayojenga nyumba, na kuna nyingine inayoitafuna kimyakimya huku watu wakiisifia. Unyoya alilelewa asimjibu baba yake. Akanyamaza. Walipofika nyumbani, mama akauliza daktari kasema nini, baba akasema maji ya uzee, na binti akaenda jikoni kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

Wiki chache baada ya Jumamosi ile ya mshonaji, miguu ilizidi. Fundi Bomba alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa vidonge. Vilimpeleka chooni mara kwa mara, na siku ya kutoka au ya kutembelewa aliviruka, akisema hawezi kuzungumza na watu wa heshima huku akikimbia kama mtoto. Jioni moja mama alimvua viatu mumewe, akaona jinsi nyama ilivyofura juu ya ukingo wa kiatu. Akaingia chumbani kwa binti yake bila kubisha.

"Kesho uanze kumkanda baba yako."

"Hafai kukandwa, mama."

"Kwa nini?"

"Ni aina nyingine ya uvimbe."

"Aina gani?"

Unyoya alitazama ukuta. Kila siku aliwaeleza watu aina za uvimbe. Aliwaeleza wenye matende, aliwaeleza waliozaliwa na njia chache, aliwaeleza waliokatwa tezi. Angeweza kumweleza mama yake kwa maneno machache. Maneno yote yalianzia kwenye moyo.

"Ni ya uzee," akasema.

"Na yule mama mwenye maneno mengi aliyekupa jina, yeye si mzee? Mbona yeye unamshika?" Mama akakaa kitandani. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anabembeleza, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu, mikono hiyo nani alikulipia ukaisomee? Alikuwa anarudi amelowa mpaka kiunoni, maji machafu ya watu, ili wewe usome. Leo watu baki unawashika kuanzia asubuhi mpaka jioni. Baba yako ana nini? Ananuka?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Wanasema mganga hajigangi. Sawa. Sikuwahi kusikia kwamba na baba yake hamgangi."

Alitoka. Tangu siku hiyo alimpakulia binti yake chakula bila kumtazama. Alimwita "daktari". "Daktari, maji ya kuoga tayari." Mtu aliyeitwa mwanangu kwa zaidi ya miaka arobaini, akija kuitwa daktari na mama yake, anajua ametolewa nje ya mlango.

Alimwendea baba. Alimkuta uani, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akibadilisha kipira cha bomba ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Alikaa chini kwenye saruji mbele yake.

"Baba, niruhusu nimwambie."

"Hapana."

"Basi meza dawa. Kila siku. Hata wakija wageni."

"Nameza."

"Humezi. Navihesabu." Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya bomba. "Ananiona sina utu. Ananiona nimekukataa. Mimi nashika miguu ya watu nisiowajua, na yako naipita kila siku sebuleni. Unadhani sitaki? Usiku mikono inaniuma kwa kutaka. Baba, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu nilipolilia baiskeli."

"Na baiskeli hukupata," baba akasema, akitabasamu kidogo. Kisha tabasamu likaondoka. Alikuwa akihema, na alisubiri pumzi irudi ndipo aendelee. "Sikiliza. Ninachokipata sasa ni kumwona akilala. Nikilala macho nikamwona amelala, najua nyumba yangu iko salama. Ukimwambia, hatalala tena, na mimi nitakufa nikiangaliwa. Niachie hicho kimoja."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Unyoya aliijua methali hiyo kama anavyoijua kila mtu, na kama kila mtu aliiona ni ya watu wengine. Akafuta uso, akamsaidia baba yake kufunga bomba.

Kisha mambo yakatengenea. Ndivyo alivyodhani. Mama aliacha kumwita daktari. Alianza kuimba jikoni. Akampakulia nyama iliyo nono, akamuuliza habari za kazini. Na miguu ya Fundi Bomba ikaanza kupungua. Jumapili moja Unyoya aliona mfupa wa kifundo, mfupa aliokuwa hajauona kwa muda mrefu, akataka kupiga magoti aubusu. Amemeza dawa, akajisemea. Machozi yangu yamefanya kazi. Alifurahi kama mjinga, na mjinga akifurahi hatazami kando. Hakutazama mito mitatu iliyowekwa nyuma ya mgongo wa baba yake. Hakujiuliza kwa nini mzee sasa analala kwenye kiti, wala kile kikohozi cha alfajiri, kikavu mwanzoni, kisha chenye maji. Mtu ambaye kazi yake ni kuuliza maswali mlangoni, nyumbani kwake aliingia bila kuuliza hata moja.

Siku moja mteja wake wa mwisho hakufika, akarudi nyumbani mchana. Mlango ulikuwa wazi. Sebule ilikuwa kimya, na katika kimya hicho alisikia pumzi, fupi fupi, zenye sauti kama maji yanayochemka mbali.

Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, suruali imekunjwa mpaka juu ya magoti. Mama yake alikuwa amekaa mbele yake kwenye kigoda, mgongo kwa mlango. Mikono yake ilikuwa nyuma ya goti la mumewe. Ikavuta ngozi, ikaachia. Ikasubiri. Ikavuta, ikaachia. Unyoya alisimama pale mlangoni na sehemu ya akili yake, ile ya kazi, ilitazama na haikuona kosa. Shingo ilikuwa imeshafanywa, nguo ilikuwa wazi pale. Kinena pia, ndiyo maana mkanda ulikuwa umelegezwa. Sasa goti, baadaye kifundo. Mbele kwanza. Hakuna mafuta, hakuna haraka, hakuna uzito. Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumpata mwanafunzi kama huyo.

Baba alimwona binti yake juu ya kichwa cha mkewe. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alitikisa kichwa kidogo sana: usiseme.

"Mama, acha," Unyoya akasema.

Mama Mayai akageuka, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Umeona? Tazama miguu ya mume wangu. Nilikuwa nasubiri ipone kabisa ndipo nikuonyeshe, kila siku ukitoka tu naanza, nikasema huyu daktari atashangaa—"

"Mama, toa mikono."

Fundi Bomba alitaka kusema kitu, labda mzaha. Kilichotoka ni kikohozi, na kwenye kikohozi povu, lenye wekundu kidogo. Akashika kifua cha shati lake kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kulivua.

Gereji ya mume wa mshonaji haikuwa mbali. Unyoya alikimbia bila viatu. Fundi wa magari hakuuliza maswali. Aliingia kwenye gari la mteja lililokuwa halijafungwa boneti vizuri, na kwa gari hilo, boneti ikipigapiga, walimpeleka mzee, ameketi wima, kwa sababu kila walipotaka kumlaza alipigana nao. Njia nzima mama alikuwa akimpapasa mgongo na kusema, "Ni kikohozi tu. Miguu imepona, ni kikohozi tu."

Hospitalini walimketisha, wakamvisha barakoa ya oksijeni, wakamchoma sindano ya kutoa maji. Yalitoka mengi. Mara pumzi zikapungua kelele. Daktari, yuleyule, akamvuta Unyoya pembeni.

"Kuna mtu amemkanda?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Wewe?"

"Mama yangu. Hajui."

"Vidonge alikuwa havimezi sawasawa, kwa hiyo si hilo tu. Lakini moyo ulikuwa dhaifu tayari, na sasa umepigwa tena. Tutafanya tunachoweza. Sikufichi, sijui kama atatoka." Akamgusa bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Unyoya aliporudi kitandani alikuta mama amesogeza kiti miguuni. Alikuwa amekunja shuka vizuri, kingo kwa kingo, ameacha wazi vifundo vya mumewe, vyembamba, vya mtu mwenye afya kabisa. Alikuwa akisugua viganja vyake ili vipate joto.

"Wamemchoma sindano, miguu itajaa tena," alisema. "Nimalizie ule wa kushoto. Nesi hajakataza."

Nyuma ya barakoa macho ya Fundi Bomba yalikuwa wazi. Yalimtazama binti yake. Alikuwa anaomba, na kwa hali ile hakuwa na kingine cha kuombea ila macho. Unyoya alihisi kama mtu aliyeshikwa mikono yote miwili na watu wawili wanaovutana. Akinyamaza, mama atamwua mume wake kwa upendo, hapohapo, mbele yake. Akisema, mama atajua. Hakukuwa na njia ya tatu. Aliitafuta kwa roho yake yote na haikuwepo.

"Nisamehe, baba," akasema. Akachuchumaa karibu na kiti, akaifunika miguu kwa shuka. "Mama, si maji ya uzee. Ni moyo. Moyo wake umechoka, tangu mwaka jana. Maji yanashuka miguuni kwa sababu hauwezi kuyasukuma. Ukiyapandisha yanarudi kwenye moyo, moyo unazidiwa, yanaingia mapafuni. Ndiyo maana sikumgusa."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama mtu anayehakikisha bei, "Moyo?"

"Moyo."

"Lakini nilimuuliza." Alisema taratibu sana. "Kabla sijamgusa mara ya kwanza. Nilimuuliza maswali yako yote. Homa, akasema hana. Wekundu, nikaangalia mwenyewe. Damu kuganda, figo. Nikamuuliza, moyo je? Akaniambia, moyo wangu unao wewe, uliuchukua zamani. Nikacheka. Nikaanza."

Fundi Bomba alifumba macho. Machozi yakashuka yakaingia kwenye ukingo wa barakoa. Alijua kila kitu tangu siku ile ya kwanza, yeye fundi wa mabomba, alijua maji yanakwenda wapi. Alikaa akashikwa miguu kila siku na mke wake, akamwacha aimbe.

"Alinikataza nisikwambie," Unyoya akasema.

"Nimesikia." Mama hakumtazama mumewe, alimtazama binti. "Wateja wako unawaeleza mpaka fundi wa magari anaelewa. Mimi nyote wawili mkaniona yai."

Mama Mayai aliinua mikono yake, akaitazama pande zote mbili, kisha akaikalia. Aliisukuma chini ya mapaja yake, akakaa juu yake kwa uzito wote, kama mtu aliyekamata kitu kinachotaka kutoroka.

Nesi alikuja akapima, akaandika, akaondoka. Wagonjwa wa jirani waliletewa chakula. Fundi Bomba alisogeza mkono wake juu ya shuka, kwa shida, mpaka ukafika ukingoni mwa kitanda upande wa mkewe, akaugeuza kiganja juu. Akausubirisha hapo. Mama aliuona. Lakini mikono haikutoka ilikokaliwa.

"Anakuita, mama," Unyoya akasema.

"Naona."

Kiganja kilibaki wazi. Vidole vilikuwa vikisogea kidogo kwa kila pumzi. Unyoya alitaka kuushika yeye, akajizuia, kwa kuwa haukuwa umenyooshwa kwake.

"Mkono je?" mama akauliza mwishowe. Alikuwa anauliza kama wanavyouliza watu mlangoni, wakiogopa kurudishwa. "Mkono unaruhusiwa?"

"Unaruhusiwa, mama."

"Una hakika? Usinifiche."

"Nina hakika. Kuushika tu hakuna ubaya."

Mama Mayai akatoa mkono mmoja chini ya paja, ukiwa na alama za kiti. Akauweka juu ya kiganja cha mumewe, na akakaa hivyo bila kusogeza hata kidole.